Amplifaya ya gitaa ya valvu, wati 5 tu, na boksi lake la spika: jinsi ya kuijenga mwenyewe

Kama unachomeka gitaa lako kwenye sabufa ya nyumbani kwa sababu amplifaya ya kweli bei haishikiki, basi hii ni kwa ajili yako. Sabufa imetengenezwa kupiga muziki ambao tayari umeshapikwa studio, ukiiletea gitaa mbichi inatoa sauti kavu, nyembamba juu na matope chini, na ukiongeza voliyumu inakwaruza vibaya. Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) inafanya kinyume, ukipiga taratibu inakuwa safi, ukikaza mkono sauti inanenepa na kuanza kuunguruma yenyewe bila pedo yoyote (kile kifaa cha kukanyaga cha kubadili sauti), yaani unaiendesha kwa vidole. Ukishaonja hiyo huwezi kurudi nyuma.

Sasa watu wengi wakisikia valvu wanawaza mtambo wa wati 50 au 100. Mimi nakwambia tengeneza ya wati 5, na sio kwa sababu ya umaskini. Valvu inatoa sauti yake tamu pale inapofanya kazi karibu na mwisho wa nguvu zake, na amplifaya ya wati 50 ukiifikisha hapo nyumba ya kupanga itakufukuza. Halafu masikio yetu hayahesabu wati kama tunavyodhani, wati 50 inasikika kama mara mbili tu ya wati 5, sio mara kumi. Kwa hiyo wati 5 chumbani ni kelele ya kutosha kabisa, na ukienda kupiga na bendi yenye drams unaweka maiki mbele ya spika, basi.

Sakiti nitakayofuata ni ile ya Fender Champ ya miaka ya 1950, namba yake 5F1. Mwenye jina hilo, Leo Fender, alianza kama fundi redio huko Fullerton, California, alifungua duka lake la redio 1938, na hii amplifaya yake ndogo imejengwa kiredio redio kweli, valvu tatu, vipande vichache, hakuna hata kitufe cha besi wala trebo, voliyumu moja tu. Fundi yeyote aliyewahi kufungua redio ya zamani ya mbao ataielewa kwa dakika kumi.

Kabla sijaenda mbali. Hii kitu inaua. Sio kurusha, inaua. Ndani kuna umeme wa DC wa volti 300 na zaidi, na kapasita kubwa zinashika chaji hata baada ya kuchomoa plagi ukutani, unaweza kuichomoa, ukaenda kula, ukarudi ukaishika ukapigwa. Kwa hiyo weka rezista ya 220k (k ni omu elfu) wati 2 kuunganisha kapasita ya kwanza na chasisi, moja kwa moja, ibaki hapo maisha yake yote, kazi yake kuzimimina zile chaji kila unapozima. Lakini usiiamini, rezista nayo inakufa. Kila ukizima subiri dakika moja halafu PIMA kwa mita, ikisoma chini ya volti 10 ndio uingize mkono. Na ukipima ikiwa imewashwa, waya mweusi wa mita ubane na klipu kwenye chasisi, mkono wa kushoto uweke mfukoni, mkono mmoja tu ndio ufanye kazi, kusudi umeme usipate njia ya kupita kifuani. Vua pete na saa. Usifanye peke yako usiku umechoka. Kama hujawahi kabisa kupiga solda wala kusoma mchoro wa sakiti, anza na kitu cha betri kwanza, hii utaikuta tu.

Haya, vifaa. Valvu ni 12AX7 moja (kwenye redio za Ulaya imeandikwa ECC83, ni ileile), 6V6GT moja, na 5Y3GT ya kugeuza AC kuwa DC. Zote bado zinatengenezwa, kwa mfano JJ ya Slovakia wanatoa 12AX7 na 6V6 nzuri, na 6V6 za Kirusi zipo pia. Hapa kwetu itabidi uagize, na ukiagiza nunua 12AX7 mbili, hiyo ya ziada itakusaidia sana siku ya kutafuta kelele. Soketi moja ya pini 9, mbili za pini 8, chukua za kauri ukizipata. Rezista na kapasita ndogo zinapatikana Kariakoo ila angalia volti, kapasita za kupitisha sauti ziwe za 630V, na kubwa za kuchuja ziwe 22 maikrofaradi 500V, tatu. Usikubali ya 400V eti itashika, maana ukiwasha tu, kabla 6V6 haijapata moto na kuanza kula umeme, volti zinapanda juu kuliko kawaida, na kapasita isiyotosha inapasuka kama baruti.

Transfoma ndio roho ya mashine na ndio pesa nyingi inapoenda. Zinahitajika mbili. Ya umeme: ingizo 230V, matokeo 300-0-300 ya miliampia 80, nyingine 6.3V ampia 2 na nyingine 5V ampia 2. Hiyo fundi mzuri wa kusuka transfoma anaisuka bila shida. Ya pili ni ya kupeleka sauti kwenye spika, na hapa ndipo nilipoumia. Ya kwanza nilisukiwa na fundi mzoefu kabisa, mizunguko sahihi, waya sahihi, nikaifunga, sauti ikatoka kama ya simu, besi hakuna. Kumbe alipanga bati zenye umbo la E na I kwa kupishana, kama anavyopanga transfoma zote za umeme, na kwa kazi nyingine ni sawa kabisa. Lakini kwenye amplifaya ya valvu moja ya mwisho DC inapita ndani ya transfoma muda wote bila kukoma, chuma kinashiba sumaku, kikishiba hakina nafasi tena ya kubeba sauti. Dawa yake: E zote zikae upande mmoja, I zote upande mwingine, katikati uweke karatasi moja ya kawaida ya kuandikia kama ya 0.1 mm. Hiyo tu. Tuliifungua ileile, tukaipanga upya na karatasi, besi ikarudi kama mtu aliyekuwa amefungiwa chumbani.

Mizunguko: 6V6 inataka kuona kama omu 5000, spika yako ni omu 8, gawanya upate 625, kipeuo cha pili chake ni 25. Kwa hiyo mizunguko 25 upande wa valvu kwa kila 1 upande wa spika, mathalani 2500 kwa 100. Mwambie fundi akate upande wa valvu vipande viwili, asuke nusu, kisha upande wote wa spika, kisha nusu iliyobaki juu yake, trebo inatoka vizuri zaidi, na karatasi ya kutenganisha awe mkarimu nayo.

Chasisi nilitumia bati la alumini la milimita 2, kunjwa liwe kama sinia, sentimita 30 kwa 15 kwa 6. Toboa matundu YOTE kabla hujafunga kitu chochote, maana vumbi la alumini likiingia kwenye soketi utalia. Kipenyo cha tundu pima soketi yako mwenyewe, usimsikilize mtu. Mpangilio uwe hivi, transfoma ya umeme mwisho kabisa upande mmoja, jeki ya gitaa mwisho upande wa pili, 12AX7 karibu na jeki, 6V6 katikati, 5Y3 karibu na transfoma ya umeme. Transfoma ya sauti iwe mbali na ya umeme na tumbo lake ligeuke nyuzi 90, zisitazamane, zikitazamana mngurumo unaruka kwa sumaku tu hata bila waya kugusana na hakuna kapasita itakayouondoa.

Umeme wa ukutani: laivu inaingia kwenye fyuzi kwanza, 0.5A ile ya kuchelewa, halafu swichi, halafu transfoma. Waya wa athi uwe na bolti yake mwenyewe kwenye chasisi, bolti isiyofunga kitu kingine chochote, na nati mbili. Na hapa naomba unisikilize, nyumba nyingi soketi ina matundu matatu lakini tundu la athi halijaenda popote. Kama una uzoefu pima laivu na athi, ikisoma sawa na laivu na nyutro, karibu 230, angalau waya upo, ikisoma ovyo au sifuri usiwashe hii amplifaya hapo hadi fundi umeme achimbie athi na kuithibitisha. Nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na chasisi, na vidole vyako viko kwenye nyuzi.

Sasa kupiga solda. Anza na waya za moto wa valvu, yaani za kuzipasha joto, 6.3V, zisokote pamoja kama kamba, zilaze kwenye kona ya chasisi, 6V6 pini 2 na 7, 12AX7 unga pini 4 na 5 ziwe moja halafu ya pili ni 9. Kutoka kila upande weka rezista ya omu 100 kwenda chasisi, hizi mbili zinapunguza mngurumo sana. 5Y3 moto wake ni pini 2 na 8 kutoka ile 5V, ncha za 300 ziingie pini 4 na 6, ya katikati iende chasisi, na DC inatokea pini 8.

Kutoka pini 8 ya 5Y3 unaenda kapasita ya kwanza, hapo pia ndipo transfoma ya sauti inapochukua, ncha yake ya pili inaenda anodi ya 6V6 pini 3. Kutoka kapasita ya kwanza rezista 10k wati 2 kwenda kapasita ya pili, hiyo inalisha skrini ya 6V6 pini 4. Kutoka hapo 22k wati 1 kwenda kapasita ya tatu, hiyo inalisha 12AX7.

Njia ya sauti fuata kama unafuata mto. Jeki, 1M (omu milioni) kwenda chasisi, halafu 68k ambayo mwili wake uuguse kabisa pini 2 ya 12AX7, usiiweke mbali ukaivuta na waya mrefu, utadaka stesheni za redio. Pini 3 kathodi, 1.5k kwenda chasisi. Pini 1 anodi, 100k kwenda kapasita ya tatu. Kutoka pini 1 kapasita ya maikrofaradi 0.022 hadi voliyumu ya 1M, mguu wa kati wa voliyumu hadi pini 7, pini 8 nayo 1.5k, pini 6 nayo 100k, kutoka pini 6 kapasita nyingine ya 0.022 hadi pini 5 ya 6V6 ambayo pia ina 220k kwenda chasisi. Kathodi ya 6V6 pini 8, rezista ya 470 wati 5 na kapasita ya 22 maikrofaradi 50V sambamba, na angalia hiyo kapasita isigusane na rezista maana rezista inachemka. Mwisho kuna 22k kutoka waya mmoja wa spika kurudi kwenye pini 8 ya 12AX7, waya wa pili wa spika unaenda chasisi. Hiyo 22k USIIFUNGE bado.

Nilitumia kibao cha fiba chenye vijiti vya shaba vya kupigia solda badala ya sakiti ya kuchapa, na napendekeza sana, kwa sababu hii mashine inadumu na siku moja utataka kubadilisha kapasita. Athi (waya zote zinazoenda chasisi) za sehemu ya gitaa zikusanye pamoja karibu na jeki, athi za sehemu ya umeme karibu na transfoma.

Kuwasha mara ya kwanza hutawasha moja kwa moja ukutani. Chukua bulbu ya kizamani ya waya, wati 60, sio LED, ifunge mfululizo kwenye laivu ya ekstensheni. Chomeka bila valvu yoyote: bulbu iwake kidogo kisha izime au ibaki nyekundu hafifu. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo kuna shoti, chomoa, na bulbu imekuokolea transfoma yako. Ikiwa sawa pima 6.3V na 5V. Halafu zima, weka valvu, unganisha spika, kila mara spika iwe imeunganishwa, amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika volti zinapanda ndani ya transfoma ya sauti na kuichoma. Washa tena kupitia bulbu, ukiona utulivu ndio uondoe bulbu na uende ukutani.

Vipimo nilivyozoea kuviona: kapasita ya kwanza kati ya 320 na 350, anodi za 12AX7 kati ya 130 na 190 kila moja, kathodi zake volti 1 na nusu hivi, kathodi ya 6V6 karibu 20. Hii ya mwisho ndio muhimu. 20 gawanya kwa 470 ni miliampia 42.6, toa kama 3 za skrini inabaki 39.6. Anodi ikisoma 330, toa 20, zidisha, unapata wati 12.3. 6V6 ya leo inavumilia hadi 14, ikizidi hapo toa ile 470 weka 560 upime tena. Wengi hawafanyi hii hesabu halafu wanashangaa valvu inakufa baada ya miezi, au bati lake la ndani linawaka jekundu.

Ikipiga, ndio ufunge ile 22k. Sauti ikipungua kidogo na kuwa nadhifu umepatia. Ikipiga yowe la ajabu, usiogope, transfoma ya sauti imegeuzwa, zima, mimina chaji, pima, badilishana zile ncha mbili za upande wa valvu.

Mngurumo nao una lugha yake, sikiliza kabla ya kubadilisha vitu ovyo. Piga uzi mnene wa E kwenye fret ya 3, hiyo ni G ya hezi 98. Mngurumo ukiwa karibu na noti hiyo ni hezi 100, unatoka kwenye DC, kagua kapasita za kuchuja na rezista zake. Ukiwa oktavu moja chini ni hezi 50, unatoka kwenye umeme wenyewe, angalia waya za moto, athi, au zile transfoma kutazamana. Kukiwa na mlio kama kengele ukigonga 12AX7 na penseli, hiyo valvu imekuwa maikrofoni, ndio sababu nilikwambia ununue mbili.

Sasa boksi, na usilidharau, kuna watu wanatumia miezi kwenye sakiti halafu spika wanaiweka kwenye kitu chochote kilichopo. Spika chukua ya inchi 8, omu 8, wati 15 au zaidi, koni ya karatasi na ukingo wa karatasi uleule wa mikunjo, ikiwezekana spika ya gitaa kabisa. Usichukue ya gari yenye mpira mnene pembeni, ile inataka wati nyingi ndio iamke na wewe unazo 5.

Mbao nilichukua paini, ile ya inchi moja ikipigwa randa inabaki kama milimita 20. Paini za Sao Hill kule Mufindi zinatosha kabisa, chagua iliyokauka, isiyo na mafundo, gonga na kidole usikie inaitika. Mninga ni mzuri kwa macho ila mzito na inaua mtetemo, boksi la gitaa tunataka litetemeke kidogo pamoja na spika, tofauti na boksi la muziki. Upana 38, urefu 43, kina 22. Kona mwambie seremala akate meno na gundi ya mbao, kama hawezi basi gundi na kipande cha mraba ndani ya kona, misumari peke yake italegea na kupiga kelele. Ubao wa mbele ni plaiwudi ya milimita 12, tundu kama sentimita 18 lakini pima spika yako, na liweke chini kidogo ya katikati kwa sababu chasisi inaning'inia juu, valvu zikitazama chini upande wa nyuma.

Nyuma usifunge lote. Weka ubao mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja kama sentimita 12, katikati paache wazi. Sauti inatoka mbele na nyuma, inajaza chumba, na joto la valvu linapata njia. Ukifunga lote boksi dogo namna hii linabana sauti na 6V6 inapika transfoma zako. Ule ubao wa juu toboa matundu mengi, na ndani yake bandika karatasi ya alumini ya jikoni ikigusa chasisi tu, inazuia kelele za taa na simu, ila hakikisha haifiki kabisa kwenye waya wowote.

Piga msasa, vika leksini ya makochi na gundi ya viatu, kona za nyuma zikunje kama bahasha. Kitambaa cha mbele mimi niliweka gunia lililofuliwa na kunyooshwa kwa pasi, vitundu vyake vinapitisha sauti bila kuizuia na linapendeza. Spika ifunge kwa bolti nne, kaza kwa kupishana kona kidogo kidogo, usikaze moja hadi mwisho, fremu inapinda na koili inaanza kukwaruza. Acha gundi ikauke usiku mzima ndio uingize chasisi.

Mara ya kwanza piga saa nzima, voliyumu nusu, kisha fungua na unuse. Harufu ya vumbi linaloungua kwenye vioo ni kawaida, harufu ya lami inatoka kwenye transfoma, hiyo zima. Shika transfoma ya umeme kwa nje ikiwa imeshachomolewa, ukiweza kuacha kiganja hapo sekunde tano iko salama. Rudia kukaza bolti za spika baada ya wiki mbili, maana mbao mpya inasinyaa.